Ombi la Mama

Rafiki yangu, fundi cherehani, si mtu wa porojo. Mama yake alikuwa mwepesi wa kufuta mafaili ya watu, basi kwenye kompyuta ya nyumbani wakamfungulia akaunti ya mtoto. Mama akitaka kuingia, ombi linakuja kwenye simu ya rafiki yangu. Akikataliwa, anasukuma kiti nyuma, anaguna.

Walipokwisha kumzika mama, dada mtu akasema, "Kaka, ile akaunti ifute tu." Rafiki yangu akaingia chumba chenye kompyuta. Umeme ulikuwa umekatika, mapazia yamefungwa, skrini nyeusi tii. Simu ikalia mkononi: *Mama anaomba ruhusa ya kuingia.*

Alikuwa amechoka, hata kushtuka hakuweza. Akabonyeza "Kataa", kwa mazoea tu.

Gizani, kiti kikasukumwa nyuma. Kisha mtu akaguna.