Kijiti cha Roketi Si Fimbo ya Ng'ombe

Garad alikuwa mfanyabiashara wa mifugo mjini Nanyuki. Kila asubuhi alikwenda mnadani na fimbo mkononi. Mkewe, Safiyo, alimtania kwamba angeweza kusahau viatu lakini si fimbo. Na fimbo za Garad zilijulikana: fupi, nene, za mti mgumu, na kichwa kimepinda kidogo.

Mwaka huo Safiyo alikuwa na furaha kubwa. Binti yao Nasro alikuwa ametoka hospitali baada ya kuugua kwa muda mrefu. Majirani hawakuwaacha peke yao. Mwalimu Warigia, waliyepakana naye ua, aliwaletea maziwa kila siku bila kuitisha chochote. Mama huyo alikuwa amestaafu kufundisha fizikia, na sasa alifuga ng'ombe.

"Baba Nasro," Safiyo alisema, "Idd hii tuite majirani wote. Tuwapikie, halafu turushe fataki. Nataka wajue tunashukuru."

Garad alikubali. Ndugu yake Abdilatif alikuwa fundi wa fataki mwenye leseni, na aliwaletea roketi alizotengeneza mwenyewe.

"Bado hazina vijiti," Abdilatif alisema. "Tafuteni huku vijiti vizuri. Kijiti ndicho kinafanya roketi iende juu sawasawa. Na msiwashe hata moja mpaka nirudi siku ya Idd."

"Ati wewe unifundishe mambo ya fimbo?" Garad alicheka. "Mimi?"

Siku iliyofuata alikata vijiti vya mti mbichi, vifupi na vizito, kama vya kuchungia ng'ombe. Alifunga kimoja kwenye roketi. Basi uvumilivu ukamshinda.

"Najaribu moja tu," alisema, akawasha.

Roketi ilipanda mpaka juu ya paa, ikayumba, ikageuka na kuruka ua. Ilianguka kando ya banda la nyasi kavu la Mwalimu Warigia. Moshi ukaanza kutoka.

Safiyo alikimbia na ndoo ya maji. Mwalimu naye alitoka na ndoo yake. Moto ulizimwa kabla haujashika banda, lakini Safiyo alibaki akizitazama nyasi. Nyasi hizo zilikuwa chakula cha ng'ombe mpaka mvua inyeshe. Karibu awalipe majirani wema kwa moto! Aliona aibu, akalia.

"Mwalimu, tusamehe," alisema. "Hatutarusha tena. Hizi zingine tutarudisha."

"Mama Nasro, panguza machozi," Mwalimu Warigia alisema. "Niliogopa, sitakudanganya. Lakini nyinyi mko na sababu ya kufurahi, na mimi pia nataka kufurahia huyu mtoto. Hebu nione hiyo fimbo."

Garad alimpa kijiti kimoja, macho yakiwa chini.

"Baba Nasro, hii ni ya kuchunga ng'ombe!" Mwalimu alicheka. "Ni nzito, roketi inachoka kuibeba. Imepinda, kwa hivyo roketi inapinda. Na ni fupi. Kijiti ni mkia. Mkia ukiwa mrefu, roketi ikitaka kugeuka, upepo unasukuma mkia na kuirudisha kwa njia."

"Sasa nitafute gani?" Garad aliuliza.

"Nyembamba, nyepesi, kavu, imenyooka kama rula. Isiwe na fundo. Na iwe ndefu kupita roketi mara nyingi."

Garad alikwenda kwa Kingori, seremala wa mtaa, akarudi na vipande vyembamba vya saiprasi. Mwalimu alimwonyesha jinsi ya kutazama kila kijiti kwa jicho moja, kuanzia ncha hadi ncha. Vilivyopinda viliwekwa kando. Kisha alifunga kijiti ubavuni mwa roketi, sambamba nayo, kwa nguvu ili kisicheze. Sehemu kubwa ya kijiti ilibaki nyuma.

"Sasa ilaze juu ya kidole," alimwambia Safiyo. "Inafaa itulie hapa, nyuma kidogo ya mahali moto unatokea. Ikiinamisha kichwa, kijiti ni kifupi ama chepesi sana, tafuta kirefu zaidi. Ikiinamisha mkia, punguza kijiti kidogo kidogo."

Mkia uliinama. Garad alikata kipande kidogo, akajaribu tena, akakata tena. Mwishowe roketi ilitulia kidoleni mwa Safiyo.

"Kumbe!" Garad alisema. "Nimeshika fimbo maisha yangu yote na sikujua hii."

Siku ya Idd majirani walikula wakashiba. Jioni Abdilatif alikagua kila kijiti, akaridhika. Walikwenda mbali na nyumba na banda, kwenye uwanja mtupu. Ndoo za maji ziliwekwa tayari. Watoto walisimama nyuma kabisa, pamoja na Nasro. Abdilatif peke yake ndiye aliyewasha.

Safiyo alishika mkono wa Mwalimu Warigia.

Roketi ilipaa. Ilikwenda juu, juu, wima, ikapasuka na kumwaga nyota nyekundu. Nasro alipiga kelele za furaha. Sauti yake ilikuwa na nguvu, sauti ya mtoto mzima.

"Ni wega muno, Mwalimu," Safiyo alimshukuru kwa Kikuyu, machozi yakimtoka. "Kwa maziwa, kwa kutusamehe, kwa kila kitu."

Mwalimu Warigia hakumsikia vizuri. Alikuwa bado ameinua uso angani, akicheka.

"Abdilatif!" aliita. "Si kuna ingine? Washa!"