Koti la Siku ya Mvua

"Mama, huyo mkwe wako mtarajiwa ana koti moja, wanawake watatu."

Msusi alisema hivyo huku akinivuta nywele, saluni nzima ikacheka. Nami nikacheka. Lakini maneno yale yaliniganda kama mwiba wa kisigino: kila nikikanyaga, yananichoma.

Binti yangu ni fundi cherehani. Alikuwa kwenye kundi la simu la mashabiki wa mwimbaji wanayemwita Mzee Gitaa. Humo kila mtu hutaja wimbo anaoupenda na kusimulia tamasha alilokwenda. Kulikuwa na tamasha moja la mvua, umeme ukakatika, Mzee Gitaa akaimba bila kipaza sauti. Waliokuwepo siku ile ndio mashabiki, wengine wasindikizaji tu.

Binti naye akaandika: "Nilikuwepo. Nililowa chapachapa, kaka mmoja akanifunika koti lake, hata sura sikumwona."

Dakika kumi hazikupita, fundi simu mmoja akamwandikia pembeni: "Dada wa koti! Ni mimi. Miaka miwili nakutafuta."

Ndivyo yalivyoanza. Akaja nyumbani, shikamoo zake za adabu, akasimulia habari za koti mbele yangu, kisha akanitengenezea redio yangu iliyokufa. Nikampenda. Mwaka ukapita, posa ikaletwa.

Basi nilipotoka saluni nikamkuta binti anashona zipu ya gauni lake mwenyewe la harusi.

"Mwanangu, hilo koti."

"Koti gani tena, mama?"

"Siku ya tamasha ulikuwa na homa. Nilikukanda kwa kitambaa cha maji, tiketi yako akaenda nayo binamu yako. Ulifunikwa wapi?"

Hakuinua kichwa.

"Nilidanganya, mama. Nilichoka kuitwa msindikizaji."

"Na yeye?"

"Naye alidanganya. Nilijua siku ile ile."

"Na ukamkubali?"

"Ningesemaje? Nikimwambia hukuwepo, ataniuliza nimejuaje. Nikaona tumelingana."

Nikamweleza ya msusi. Akachukua simu, akamwandikia muuguzi mmoja wa kundini ambaye naye alisimulia mvua ile: "Dada, kuna mtu amewahi kukwambia alikufunika koti siku ya mvua?"

Jibu likaja: "Hahaha, fundi simu wangu huyo! Tunaoana mwezi wa nane. Amekwambia nani?"

Binti akaweka simu chini.

"Koti nimelishona mimi kwa mdomo wangu, mama. Yeye anawafunika wengine."

Kesho yake mchana kijana akaja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa hapo. Lile koti lilikuwa rangi gani?"

"Aa, lile! Jeusi. Mpaka leo ninalo."

"Lilete basi, niliguse," binti akasema.

"Mpenzi, vipi leo?"

"Sikwenda tamashani. Nilikuwa kitandani na homa."

Kijana akasogeza kiti karibu naye.

"Hata mimi sikwenda. Lakini nakupenda kweli."

"Na muuguzi je?"

Akasimama. Akajipapasa mifuko yote akitafuta ufunguo wa pikipiki, na ufunguo kaushika mkononi. Akaondoka bila kuaga.

Nikangoja mwanangu alie, nimshike. Hakulia. Aliifumua zipu polepole, akaiweka kwenye gauni la mteja.

"Zipu mpya, mama. Isipotee bure."

Wiki ya tatu hii. Anakula, anashona, anajibu akiulizwa. Redio ikipiga wimbo wa Mzee Gitaa, hazimi wala hasikilizi.

Nimeandika ili wengine wapone. Epukeni haya:

Kusimulia tamasha ambalo hukwenda.

Mwanamume anayekumbuka jambo ambalo unajua halikutokea.

Kuunyamazia uongo wa mtu kwa sababu na wewe una wako.

Kushona gauni kabla ya kuuliza.

Na wewe mama mwenzangu: kumkanda mtoto homa kwa mikono yako, halafu ukasikia habari za koti ukakaa kimya, kwa kuwa redio imepona.