Mashine Isiyopata Joto

Nina hasira, na simwombi mtu radhi. Nikisimulia polepole nitalia, kwa hiyo acha nisimulie kwa ukali.

Jioni ile nilitoka nyumbani kumfuata mume wangu, Sudi, dukani kwake, hapa hapa Mtwara mjini. Binti yetu Sabra nilimbeba mgongoni kwa khanga. Alikuwa anachemka. Hospitali walimpima malaria, hakuna. Mkojo, safi. Homa yenyewe ya ajabu: mchana hana neno, jua likizama anawaka.

Sudi anahariri video za harusi na za unyago, na kazi anaianza jioni wateja wakishaondoka. Kompyuta yake ya mezani aliiunga mwenyewe, halafu akaanza kuilazimisha. Prosesa, ubongo wa mashine, imetengenezwa iende kasi fulani, yeye anaipandisha zaidi. Memori hivyo hivyo. Anaongeza umeme kidogo, anaijaribu kwa kazi nzito, inachemka, inaganda, skrini inageuka buluu. Anarudi hatua moja nyuma, anaanza upya. Na joto hili la Mtwara! Aliweka feni kubwa, akabadilisha dawa ya kupozea, ile inayopakwa juu ya prosesa, wapi! Halafu siku moja akarudi nyumbani anacheka.

"Mama Sabra, imetulia. Haizimi tena."

Nikasema alhamdulillahi. Mjinga mimi.

Nilipofungua mlango wa duka, baridi ikanipiga usoni.

Duka lile halina kiyoyozi.

Sudi alikaa mbele ya skrini, kajitanda kikoi mabegani. Kulikuwa na harufu... mafuta ya nazi na jasho la mtoto. Harufu ya utosi wa mwanangu, naijua. Feni za kompyuta zilikuwa zimesimama, zote, na kazi inakwenda. Bibi harusi anapita kwenye skrini, anacheka.

"Baba Sabra, turudi hospitali. Mtoto anakufa."

"Shh..." Hakugeuka hata. "Usiguse meza. Iko kwenye jaribio. Ikipita hapa, nimemaliza."

"Umenisikia lakini?"

"Naipandisha hatua moja tu. Moja."

Akabonyeza.

Mgongoni kwangu, Sabra akakakamaa.

Joto lake likapenya khanga, likapenya gauni, likanichoma ngozi. Na kwenye skrini, namba ya joto la prosesa ikashuka.

Ikashuka! Mimi si fundi, ila napika. Moto ukiongezwa kuni, sufuria haipoi.

Nikainama kwenye kioo cha ubavuni mwa kasha la kompyuta. Juu ya prosesa kuna chuma cha kupozea, kina mapezi mapezi. Kwenye mapezi yale ulifungwa uzi mweusi wenye hirizi ndogo ya ngozi. Uzi wa kiunoni kwa Sabra! Mama yangu alimfunga siku ya arobaini, kumkinga na kijicho, kama wanavyofungwa watoto wetu. Mimi nilidhani ulikatika akiogeshwa.

"Umefanya nini, wewe mwanaume?"

Akaninong'oneza, macho bado kwenye skrini. Kuna mzee alimletea video ya ngoma kutoka upande wa Msimbati. Alikaa barazani mchana kutwa, juani, hatoki jasho. Akamwambia mashine yako ina macho ya watu, ifunge kinga. Ila kinga mpya haishiki. Chukua iliyokwisha kuzoea mwili.

"Ni kinga tu, mama Sabra. Haina madhara."

"Na mtoto anabaki na nini?"

Akavuta kikoi mabegani.

"Subiri kidogo," akasema. "Ikizimwa ghafla kazi yote inaharibika."

Wanasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Uongo! Wangu alichimba, akamtumbukiza mtoto.

Nikang'oa waya ukutani.

Skrini haikuzimika.

Bibi harusi akaendelea kucheka, midomo inakwenda, sauti hakuna. Nikasikia mngurumo mdogo, kama wa feni. Haukutoka kwenye kasha. Ulitoka mgongoni kwangu, kifuani mwa Sabra, umenyooka moja kwa moja, bila kuvuta pumzi...

Nikachukua stuli nikapasua kile kioo. Chuma kilikuwa baridi hadi kinanasa vidole. Uzi ulikuwa wa moto, umeloa jasho. Nikauvuta kwa nguvu zangu zote, nikautoa.

Skrini ikafa. Sabra akavuta pumzi, akalia. Sijapata kufurahia kilio cha mtoto namna ile.

Kesho yake Sudi, kwa woga, akamwachia kompyuta mtu wa kwanza aliyeiulizia, mpita njia anayekwenda Nanyamba. Jina hakumuuliza. Mimi wakati huo niko kwa mama, anausomea uzi upya. Jioni ndiyo namfunga Sabra.

Haukufika.

Nikauzungusha tena kiunoni, haukufika. Nikamwita Sudi. Alipouona, akakaa chini sakafuni. Mzee alimwagiza aukate: kipande afunge juu ya chuma, kipande akiviringishe chini yake, ndani ya dawa ya kupozea, kilale kwenye prosesa yenyewe. Hicho cha chini hakunitajia. Nilitamani kumtoa macho.

Leo jioni Sabra anawaka tena. Sudi yuko Nanyamba, anabisha hodi mlango kwa mlango, na asirudi bila ile mashine.

Sasa nakwambia wewe uliyeichukua. Najua unaifurahia. Inakwenda kasi, haigandi, haipati joto, unawaringia rafiki zako. Izime! Fungua kile chuma, utoe uzi wa mwanangu. Kama huniamini, inuse kwa karibu... utasikia mafuta ya nazi.

Na usijaribu kuipandisha. Nitajua. Hapa nilipo nimemwekea mkono kifuani.

Ameanza kunguruma.