Springi za Gari la Maiti

Sikuwa mjinga. Nilikuwa na haraka, basi.

Mke wangu Shamso alikuwa na mimba ya tatu. Mbili za kwanza ziliharibika njiani, pikapu yangu ikitupwatupwa na mashimo kutoka Sangailu hadi hospitali ya Garissa. Nyumbani tulibaki wawili tu, tukitazamana. Ndiyo maana mwaka ule, kabla ya mvua za El Niño, niliingia gereji ya fundi Maow mjini Garissa alasiri moja kutafuta springi laini.

Maow alinionyesha mpya, ngumu, za kubebea mizigo. Nikazikataa. Pembeni nikaona nyingine nyembamba, zimepinda vizuri. Akasema zilitoka kwenye gari lililokuwa likipeleka maiti makaburini, na kitu kama hicho hakifungwi mpaka uchinje mbuzi, watu wapate kula, sheikh asome dua.

Mbuzi wa nini? Mimi nilitaka gari lisiruke.

"Walaalo, ndugu yangu, ngoja kesho tusome dua," alininong'oneza.

Sikungoja. Akazifunga bila kuniangalia, nikaondoka wakati wa magharibi.

Wallahi, gari lilitulia kama godoro. Nilikuwa peke yangu, barabara tupu, hata ngamia hakuna. Nikaanza kuimba.

Kisha nyuma pakazama.

Polepole... kama watu wanavyopanda mmoja mmoja. Nikanusa karafuu maiti. Nikatazama kioo. Hakuna mtu.

Ngo, ngo.

Juu ya paa. Ndivyo abiria wa nyuma anavyogonga akitaka kushuka, na dereva wa kwetu lazima asimame. Nikasimama. Gari likainuka kidogo. Mbele kidogo, tena... ngo, ngo. Nililia njia nzima, sioni aibu kusema. Nilipofika nyumbani, nyuma palikuwa bado pamezama kidogo.

Kuna mmoja hakushuka.

Asubuhi uchungu ukamshika Shamso kabla ya wakati. Gari jingine hakuna. Nikamketisha mbele, karibu nami. Hakurushwa hata mara moja. Akatabasamu, mara ya kwanza kwenye njia ile.

"Diriye, huyu mama wa nyuma ni nani? Mpole sana. Ananipapasa mgongo."

Nikakanyaga mafuta.

"Anasema atashuka na mtoto."

Ngo, ngo.

Sikusimama. Mungu anajua sikusimama. Aligonga mpaka mji ukaonekana, mpaka langoni mwa hospitali, na hapo ilibidi nisimame.

Gari likainuka nyuma.

Shamso akaweka kiganja tumboni, akangoja. Akakihamishia upande wa pili.

"Diriye," akasema, "mbona ametulia?"