Korido ya Mita Nane

Mwaka 2009 rafiki yangu Conjesta, mchoraji wa ramani za majengo pale Vwawa, alipata kazi kwenye nyumba kuukuu karibu na Nanyala. Ilijengwa miaka ya hamsini na mlowezi mmoja wa kahawa: paa bapa, sebule yenye ukuta mzima wa kioo, na korido isiyo na dirisha. Masudi, mfanyabiashara wa Tunduma aliyeinunua, alimpa michoro ya zamani ailinganishe na nyumba kabla ya ukarabati.

Jua lilipozama ilibaki korido tu kupimwa. Kwenye mchoro ilikuwa na urefu wa mita nane, ikiishia kwenye ukuta usio na mlango.

"Eliudi, njoo ushike ncha ya futi ya kupimia," Conjesta alimwita fundi wake akiwa pale korido ilipoanzia sebuleni, macho yakiwa kwenye mchoro.

Alisikia nyayo nyuma yake. Mkono ukaipokea ncha, nyayo zikaingia gizani.

"Umefika?"

Ukuta wa mwisho uligongwa taratibu. Futi ikakaza. Conjesta akasoma: mita nane kamili. Akainama kuandika.

Ndipo alipomwona Eliudi nje ya kioo cha sebule, akitoka kwenye gari na tochi mkononi.

"Samahani, dada, niliifuata tochi," alisema akiingia. "Haya, tupime."

Mkononi mwa Conjesta futi ilikuwa imeanza kuvutwa tena, polepole, ikapita mita kumi, ikapita ishirini, na bado ilikuwa inakwenda.