Shanta Jepesi

Aligeuka ghafla, akasahau kwamba siku hiyo alikuwa na mgongo wa pili. Shanta alilokuwa akilijaribu, lililojazwa mifuko ya mchanga ili mnunuzi aonje uzito, likamkumba mwanamume aliyesimama nyuma yake na kumtupa katikati ya makoti ya mvua yaliyotundikwa.

"Dada," sauti ikatoka ndani ya makoti, "ukikata kona na lori hilo, uwe unawasha indiketa."

"Jamani, samahani kaka! Umeumia?"

"Sijui. Ngoja nijitafute kwanza."

Duka zima la vifaa vya kambi, lililokuwa limefurika watu kwa sababu ya punguzo la bei, likaangua kicheko. Mwanamume akachomoza, mrefu, mikono ya shati imekunjwa hadi kwenye viwiko, mgongoni ana shanta jekundu. Naye akamwona aliyemgonga: mwanamke mfupi, gauni la njano, raba nyeupe, na macho yasiyotulia mahali pamoja.

Mama mwenye duka akaja, miwani ikining'inia kifuani. Akampima mwanamke kwa futi ya kamba, kuanzia mfupa wa shingo hadi nyonga.

"Hili refu kwako, mwanangu. Shanta hukaa kiunoni, mabega ni ya kulishika tu lisianguke. Na mumeo avue hilo jekundu, amelipendea rangi."

"Si mume wangu, mama. Nimemgonga tu."

"Wengi huanza hivyo."

Walitoka dukani pamoja, kila mmoja na shanta lake la kumfaa, wakaishia kwenye mgahawa wa jirani. Mwanamke alikuwa daktari wa meno, ashindaye kwenye chumba kisicho na dirisha, ameinamia vinywa vya watu. Jioni miguu ilimwasha. Dada yake mkubwa, aliyekuwa akiishi naye, alimwita Kiguu-na-Njia. Mwanamume alikuwa dereva wa gari la wagonjwa. Wote wawili walikuwa na ndoto moja: kupanda milima ya msituni na kulala kwenye hema, mbali na kelele za jiji.

Tangu siku hiyo simu hazikukoma.

"Daktari wangu, uko wapi?"

"Sebuleni. Nazunguka meza na shanta mgongoni. Nimelijaza vitabu, nazoea uzito."

"Na dada yako anasemaje?"

"Anauliza tunaondoka lini, apumzike."

"Mwambie karibuni, laazizi. Mimi mwenyewe silali."

Mapenzi yakakolea. Likizo zao zilipokutana, wakatandaza vitu vyote kwenye zulia na kuanza kufungasha. Mifuko ya kulalia chini kabisa. Hema, jiko la gesi, sufuria na chakula katikati, karibu na uti wa mgongo, visimvute mtu nyuma. Koti la mvua juu, maana mvua haipigi hodi. Walibishana, walitaniana, walibusiana juu ya soksi. Mara zahanati ikapiga simu: mgonjwa amevunjika jino. Daktari akatoka mbio.

Aliporudi, Dereva alikuwa ameshakwenda kazini kwa zamu yake ya mwisho. Daktari akanyanyua shanta lake. Likapaa kama mto wa usingizi. Akalifungua: hema hakuna, jiko hakuna, chakula hakuna. Zimebaki nguo zake na chupa ya maji.

"Vitu vyangu viko wapi?" aliuliza kwenye simu.

"Vyote ninavyo mimi, mpenzi. Nimekupunguzia mzigo."

"Nani kakuomba?"

"Kwani kukusaidia kumekuwa kosa?"

"Mimi si mgonjwa wako wa kubebwa kwenye machela! Nenda peke yako."

Akakata. Mchumba wake wa zamani alimchagulia kila kitu, hadi rangi ya mapazia, mpaka siku aliyomrudishia pete. Aliapa hatapangiwa tena. Simu ikaita, akaiacha. Ikaita tena, akaifunika na mto. Akaenda jikoni, akarudi, akafungua dirisha, akalifunga.

"Kaa chini, utatoboa zulia," dada yake akasema.

"Wanaume wote ni wale wale!"

"Si wale wale. Yule wa mapazia alikuwa akikuondolea kitu anatupa. Huyu kakiondoa akakibeba."

"Lakini hakuniuliza, dada."

"Hapo una haki. Basi kamwambie, usiniambie mimi. Mimi sina hema lako."

Asubuhi akavaa suruali ya kahawia na viatu vya kupandia mlima, akatupia shanta lake jepesi mgongoni, akaenda kwenye kituo cha magari ya wagonjwa. Alimkuta akiosha gari, macho mekundu. Ukutani shanta lake lilikuwa limevimba kama chatu aliyemeza mbuzi.

"Nilidhani yetu yameisha," Dereva akasema, ndoo mkononi.

"Ungeweza kweli kulibeba hilo?"

"Hapana. Nimejaribu, nimeanguka mara mbili."

"Sasa kwa nini?"

Akaitua ndoo, maji yakimtiririka viatuni. "Mwezi uliopita tulimshusha mwanamke kutoka mlima ule ule tunaokwenda. Goti limepinda, shanta lilimwelemea kwenye mteremko. Njia nzima alikuwa akilia. Nikawa nakuona wewe."

"Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa utaahirisha safari."

"Umenipokonya sufuria na jiko," mwanamke akasema, hasira ikimtoka taratibu, "kumbe kilichokuwa kizito ni woga, na huo ukaubeba peke yako. Mwaga kila kitu hapa. Tunagawana."

Wakafungasha upya pale pale sakafuni, madereva wenzake wakiwapigia miluzi. Hema likawa la mwanamume, jiko na chakula vya mwanamke. Mteremko ukiwa mkali, walikubaliana, anayechoka atasema.

Siku ya pili ya safari walifika kwenye uwanda wa nyasi juu ya msitu. Upepo ulikuwa ukivuma kama umetumwa. Dereva alikuwa amepiga magoti, amekumbatia hema, akitafuta pa kupigilia kigingi. Mwanamke alikuwa akizunguka-zunguka na nyundo, hatulii.

"Wewe!" akapaza sauti.

"Nini?"

"Nataka tuoane!"

Mikono ya mwanamume ikalegea. Hema likajaa upepo, likainuka, likaondoka likibiringika bondeni.

"Hema!"

"Nijibu kwanza!"

"Ndiyo!" alijibu akiwa mbioni. "Ndiyo, ndiyo! Likamate upande huo!"

Walilipata limenasa kwenye miiba, limechanika ubavu. Jioni mvua ilinyesha, maji yakaingia, wakasogea kwenye pembe moja iliyobaki kavu, wakacheka mpaka wakashikwa na kwikwi. Na kwa mara ya kwanza tangu dada yake amfahamu, Kiguu-na-Njia alikaa mahali pamoja mpaka kukapambazuka.