Usimfunge

Haya yalimkuta dada wa jirani yangu, mchoraji wa vitambaa vya hariri. Mimi, ambaye mende akiruka nami naruka, nimesimuliwa mara mbili, na mara zote mbili nilisogeza kiti mpaka mgongo ukagusa ukuta.

Siku yenyewe ilianza kwa chai na mzaha. Mchoraji na mumewe walikuwa wametoka safari ya msituni, mke alikokwenda kusaka rangi za vipepeo. Huko mume alimdaka mmoja kwa viganja, mweusi mwenye buluu inayowaka, na unga wa mbawa ukamganda vidoleni. Aliyewatembeza alinong'ona, "Mchore ukitaka, dada. Ila usimfunge."

Mchoraji akatii, kwa alivyoelewa. Alimchoma kipepeo pini ya kifua, akamlaza kwenye kopo la biskuti, lakini kifuniko hakukiweka. Basi hajamfunga.

Sasa akatandaza hariri nyeupe kwenye fremu, akaibana kwa pini pande zote. Mume akapita na kikombe, akasema imekaza kuliko suruali zake za ujana. Mke akamfukuza huku akicheka, akaanza kuchora mbawa kwa nta ya moto. Mchora hariri yeyote anajua: mstari wa nta ukiacha upenyo, rangi itavuja. Lazima uufunge.

Akaufunga wa bawa la kushoto.

Kikombe kikapasuka sakafuni. "Mke wangu," mume akasema toka mlangoni, "huu mkono haunisikii."

Huyu bwana aliwahi kujifanya maiti ili asioshe vyombo. Mke hakuinua hata macho. "Tumia wa kulia."

Akafunga bawa la kulia. Akafunga na kiwiliwili.

Kitu kikavunjika, ko, kama ubao wa fremu. Fremu ilikuwa nzima. Zilikuwa mbavu.

Mume alikuwa chali, mikono imetanuliwa, anavutwa pande zote na asiyeonekana. Ngozi ilikaza mpaka midomo ikachanika pembeni. Hapumui. Pini za fremu zikaanza kung'oka, moja moja. Zilikuwa zinazama viganjani mwake.

Hapo ndipo mke alipolielewa lile neno: usimfunge.

Akakwangua nta kwa wembe, akafungua upenyo. Mume akavuta pumzi. Kwenye hariri, wekundu ukavuja. Hakuwa ametia rangi yoyote. Damu ikamtoka mume kifuani.

Akaziba kwa nta. Damu ikakoma. Pumzi nayo ikakoma.

Akafungua. Akaziba. Akafungua.

"Acha wazi," mume akanong'ona. Safari hii hakuwa anatania.

Mke akaacha wazi, akamshika kichwa, mpaka damu ikaisha.

Jirani yangu ndiye aliyefika wa kwanza. Madirisha yalikuwa yamefungwa, hakuna upepo. Kwenye fremu hapakuwa na pini hata moja, lakini hariri ilikuwa bado imekaza. Ilikuwa inapanda na kushuka. Taratibu. Kama kifua cha mtu anayejifanya maiti.